Flashi ya 32GB ni tupu kabisa, inakataa video ya harusi ya 5.86GB. Nisaidieni kabla ya Jumapili

KameraYaTabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kabla sijaumbuka.

Mimi ni mpiga video, kijiofisi changu kipo Tabata. Nimemaliza kazi ya harusi ya familia moja ya Mbagala. Video nzima imetoka dakika 105, faili moja la MP4, Windows inaniandikia 5.86GB. Mama wa bibi harusi kaniletea flashi yake ya 32GB, bado mpya. Jumapili wanakaa sebuleni ukoo mzima kuangalia, na kuna ndugu wanapanda basi kutoka Lindi kwa ajili hiyo tu.

Nakopi, inagoma. Haifiki hata asilimia moja, kinakuja kidirisha kinachosema faili ni kubwa mno. Nafungua flashi naikuta nyeupe, nafasi iliyobaki 29.8. Nikajua tu hii feki. Nikapanda daladala hadi Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikanunua nyingine ya 32GB kwa elfu kumi na tano ya mfukoni mwangu. Kufika ofisini, kidirisha kilekile. Nikarudi Kariakoo na hasira zangu. Yule kijana wa duka wala hakubishana, akachukua flashi akaijaza nyimbo mbele yangu, folda baada ya folda, zikaingia zote. Nikaaga kwa adabu nikaondoka.

Sasa swali. Nyumba ya vyumba 29 inamkataaje mgeni anayetaka vyumba sita?

Msela wa Kimara

Feki hizo mkuu, zote mbili. Na hata kama siyo feki, FAT32 maana yake mwisho ni 32GB, sasa umenunua ya 32 iko ukingoni, lazima izingue. Nunua ya 64.

Kibuyu

Nimevuta kigoda.

Binti Kigamboni

Msela, umekosea mara mbili kwenye mistari miwili.

Flashi feki haikatai kitu. Feki inapokea kila unachoipa kwa tabasamu, inakuandikia 32GB wakati ndani ina 4 au 8, halafu siku ya kufungua video inafika katikati inaganda, au faili lina jina lakini halifunguki. Anayetaka kujua kama flashi yake ni ya kweli aijaze na programu kama H2testw, inaandika mpaka mwisho kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Ya kaka wa Tabata imekataa mapema na ikasema sababu. Hiyo ni flashi mkweli.

Kaka KameraYaTabata, bofya kulia kwenye hiyo flashi, chagua Properties, soma palipoandikwa File system. Nitashangaa ikiwa si FAT32. Huo ni mfumo wa mafaili, yaani utaratibu wa kuandika nini kimewekwa wapi ndani ya flashi. Na FAT32 haipokei faili moja linalozidi baiti 4,294,967,295. Wewe una gigabaiti 29 za nafasi, ila hakuna faili moja moja linaloruhusiwa kupita 4. Ndiyo maana nyimbo za yule kijana ziliingia zote: hata zikiwa elfu tano, kila moja ni megabaiti tatu nne.

Mfano wa mtaani. Mangi ana daftari la madeni. Safu ya jina, safu ya tarehe, na safu ya kiasi yenye visanduku vitano tu vya tarakimu. Deni la 99,999 linaandikika. Ukikopa laki moja, daftari lina kurasa mia nyeupe na bado hana pa kukuandika. Kinachogoma ni kile kisafu, siyo daftari. FAT32 ina visanduku 32 vya kuandikia ukubwa wa faili, kila kisanduku 0 au 1. Vikijaa 1 vyote unapata ile namba niliyotaja. Waliotengeneza hawakufikiria mbali, basi.

Na hiyo 32 ya kwenye jina ni biti, haina uhusiano na 32GB.

Msela wa Kimara

Sawa dada, nimepigwa. Ila mbona Windows ukitaka kufomati flashi ya 64 au 128 haikupi FAT32 kabisa? Mimi nimeona kwa macho yangu.

Binti Kigamboni

Umeona kweli. Ule ni ukomo wa kidirisha cha kufomati cha Windows, siyo wa FAT32 yenyewe. Dave Plummer, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft, ameeleza hadharani kwamba kile kidirisha alikiandika yeye miaka ya 90 kama kitu cha muda, na 32GB alichagua yeye siku hiyohiyo. Cha muda kikakaa miaka thelathini. Mwaka 2024 Microsoft wakatangaza kwenye matoleo ya majaribio ya Windows 11 kwamba kwa kutumia amri unaweza kufomati FAT32 hadi terabaiti 2. Lakini hata diski ikiwa terabaiti 2, faili moja linabaki kwenye ile 4.

Mzee wa Disketi

Shikamoo zenu nimezipokea, hata kama hamjazitoa.

Binti Kigamboni kaeleza vizuri, ila hapo pa "hawakufikiria mbali" tugombane kidogo. FAT ni ya mwaka 1977, iliandikwa na Marc McDonald pale Microsoft kwa ajili ya disketi. IBM PC ilipotoka Agosti 1981 na DOS yake, yaani mfumo wa kuiendesha kompyuta, upande mmoja wa disketi ulikuwa unabeba kilobaiti 160. Katika DOS hiyohiyo ndimo safu ya ukubwa wa faili ina baiti nne, yaani biti 32. Sasa piga hesabu: gigabaiti 4 ni disketi zaidi ya 26,000 za namna ile. Walimpa mtu wa disketi moja safu ya kuandikia faili la disketi elfu ishirini na sita. Ungewaona pale ungesema hawa wanafuja nafasi.

Enzi zetu kilichobana kilikuwa diski. FAT16, iliyotangulia FAT32, ilikuwa na anwani elfu 65 na kidogo, na kila anwani inashika fungu la kilobaiti 32 kwa upeo wake katika DOS. Zidisha, unapata gigabaiti 2, hapo ndipo mwisho wa diski. Ukinunua diski ya 3 lazima uikate C na D. Tena barua ya mistari miwili ya kuomba likizo inakula fungu zima la kilobaiti 32. Ofisi niliyokuwa nafanya kazi, katikati ya mji, ilikuwa na barua maelfu, na diski ilikuwa inajaa hewa.

FAT32 ililetwa na toleo la pili la Windows 95, Agosti 1996, kutibu ugonjwa huo wa diski. Na hapa ndipo pana utamu, maana wengi hawajawahi kuona mstari wenyewe.

Kila faili kwenye flashi lina mstari wa baiti 32 kwenye orodha. Niliwahi kukaa usiku mzima na programu ya kusoma baiti mojamoja. Chukua HARUSI.MP4. Baiti nane za kwanza ni jina: HARUSI na nafasi mbili tupu. Tatu zinazofuata: MP4. Ile nukta haiandikwi, inachorwa tu kwenye kioo. Kisha tabia za faili, saa, tarehe. Mwaka unahesabiwa kuanzia 1980, na sekunde hazina visanduku vya kutosha, kwa hiyo zinaruka mbilimbili. Angalieni mafaili yenu kwenye flashi, saa ya mwisho kubadilishwa haina sekunde witiri. Kisha namba ya fungu ambako faili linaanzia. Baiti nne za mwisho kabisa ni ukubwa.

FAT32 ilipohitaji namba kubwa zaidi za mafungu, pale pa zamani palikuwa na baiti mbili tu. Wakafanya nini? Nusu ya namba wakaiacha palepale, nusu wakaipeleka kwenye baiti mbili za juu kidogo ambazo DOS ilikuwa haizitumii. Kama mtu wa chumba kimoja Manzese aliyepata wageni, watoto wengine akawalaza kwa jirani. Lakini ukubwa wa faili upo mwisho wa mstari. Baada yake unaanza mstari wa faili jingine. Jirani wa kulaza mtoto hayupo.

Kwa hiyo kijana wa Tabata, video yako ya baiti kama bilioni 6.3 inahitaji biti 33. Umezidi kwa biti moja. Kompyuta ingelazimisha kuandika zile 32 za chini tu, ingetokea 2,005,032,704, na video ya dakika 105 ingeorodheshwa kama ya dakika 33 hivi. Kama kilomita za daladala zinazofika 99,999 zikarudi sifuri, gari likaitwa jipya. Afadhali hicho kidirisha.

Kibuyu

Mzee shikamoo. Hii ya sekunde kuruka mbilimbili nimeenda kuangalia sasa hivi. Kweli tupu. Nimeishi bure.

Seva ya Zamani

Niongeze. Sisi tunaotumia Linux badala ya Windows tusijifanye watakatifu. Kompyuta za biti 32 kabla ya Linux 2.4 ya mwaka 2001 zilikuwa zinakwama kwenye gigabaiti 2, maana namba ya kuonyesha uko wapi ndani ya faili ilikuwa inatunza biti moja kwa ajili ya alama ya kutoa. Kana kwamba mtu ataomba kusoma baiti ya hasi tano. Nilikuwa naangalia seva ya ofisi moja, faili la kumbukumbu likafika 2,147,483,647 programu ikafa usiku wa manane. Tukaiwasha, ikafa tena. Tulibadilisha memori, tukabadilisha waya wa umeme, tukamlaumu mlinzi. Siku ya pili ndiyo mmoja akaangalia ukubwa wa faili.

Pia ukikopi kwa Linux kwenda FAT32 haikatai mwanzoni kama Windows. Inakopi, inakopi, unaenda kunywa chai, inafika 4.0 inakuambia faili kubwa mno. Dakika ishirini zimeondoka.

FundiAggrey

Historia nzuri wazee wangu lakini Jumapili inakaribia. Kaka, fomati flashi iwe exFAT. Ni dakika moja. exFAT ni ya mwaka 2006, Microsoft haohao, safu yake ya ukubwa ni biti 64, hutaijaza na harusi zote za Dar. Memori kadi za kamera zinazozidi 32GB zinakuja hivyo kiwandani, kwa hiyo hata kamera yako pengine unaitumia bila kujua.

Msela wa Kimara

Au aikate kwa WinRAR vipande viwili, kila kimoja 3GB. Simple.

FundiAggrey

Msela, TV ya mama Mbagala ina WinRAR? Vipande vya WinRAR siyo video, ni video iliyochanwa. Kukata kunakofaa ni kwa programu ya video, kila kipande kijitegemee. Kamera za zamani za kadi ndogo zilikuwa zinafanya hivyo zenyewe: zikifika 4GB zinafunga faili na kufungua jingine. Kwa megabiti 50 kwa sekunde ni kama dakika 11 na nusu.

KameraYaTabata

Aisee! Ndiyo maana kamera yangu ya kwanza ilikuwa inanikatia hotuba ya mshenga vipande vipande. Nilidhani kamera imechoka na maneno.

Nimeangalia Properties. FAT32, zote mbili. Nafomati exFAT sasa hivi.

Binti Kigamboni

Subiri. Umeuliza TV yao ni ya mwaka gani? exFAT kwa miaka mingi ilikuwa mali yenye hati miliki, anayetengeneza kifaa alipe leseni kwanza. Microsoft waliweka maelezo yake wazi Agosti 2019, ndipo Linux nayo ikaipokea rasmi. Kuna TV za kabla ya hapo ambazo haziisomi. Baadhi zinasoma NTFS, mfumo mwingine wa Windows. Karibu zote zinasoma FAT32, na hiyo ndiyo sababu flashi bado zinauzwa nayo mpaka leo. Nenda na mbili, moja exFAT, moja NTFS.

Ukitaka NTFS bila kufuta vilivyomo, fungua dirisha la amri andika convert E: /fs:ntfs, hapo kwenye E weka herufi ya flashi yako. Ila nakili vitu pembeni kwanza, na ujue kurudi FAT32 ni mpaka ufomati.

Kinasa Sauti

Samahani kuingilia harusi. Mimi narekodi taarabu ukumbini, sauti nane kwa mpigo kwenye faili moja la WAV. Baada ya kuumwa na FAT32 nikahamia NTFS kwa furaha. Kila saa moja na dakika mbili rekodi ikawa bado inasimama! Diski terabaiti moja, NTFS. Ni nini tena?

Seva ya Zamani

Umetoka kwa mangi mmoja ukaingia kwa mangi mwingine. WAV yenyewe, mwanzoni mwa faili, ina safu ya kuandika ukubwa wake, na ni biti 32 vilevile. Sauti nane kwa 48kHz biti 24 ni baiti 1,152,000 kila sekunde; gawanya, unapata sekunde 3,700 na kitu, ndiyo saa yako na dakika mbili. Tafuta kwenye programu yako RF64 au W64, zina safu pana. Zip nayo ilikuwa na ugonjwa huu, ikatibiwa na Zip64 mwaka 2001.

Kinasa Sauti

RF64 ipo! Ilikuwa imejificha chini kabisa ya menyu. Leo mwimbaji ataimba mpaka alfajiri, sitamkata.

KameraYaTabata

Wakuu nimerudi. Poleni kwa kimya.

Jumamosi nilienda Mbagala na flashi mbili kama Binti alivyosema. TV yao ni ya zamani kidogo, kioo chembamba lakini mabega mapana. Nikachomeka exFAT. Ikaniambia hakuna kifaa. Nikachomeka NTFS, ikasoma, HARUSI hiyo hapo, nikabonyeza, bibi harusi akatokea mlangoni na shela. Nikajifuta jasho, nikaanza kukunja waya zangu.

Mama akachomoa flashi, akaenda kuichomeka kwenye sabufa. Kumbe ile flashi alitaka aisikilizie kaswida zake za asubuhi, zile alizoniomba nimwekee kutoka kwenye laptopu, na nilikuwa nimeziweka vizuri tu. Sabufa ikakaa kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akanitazama. "Mwanangu, umeniharibia flashi." Mbele ya ndugu wa Lindi, ambao walishafika.

Nikajaribu kumweleza habari za safu na visanduku. Mama hakutaka kusikia habari ya mangi.

Bahati laptopu nilikuwa nayo. Nikafomati FAT32, nikarudisha kaswida, halafu nikaitoa video upya kwa megabiti 5 kwa sekunde badala ya 8. Piga hesabu mwenyewe: sekunde 6,300 mara baiti 625,000, haifiki bilioni nne. Ikatoka 3.66GB. Iliniweka pale karibu saa mbili na nusu, umeme ukakatika mara moja, betri ikaniokoa. Nikala pilau mara mbili.

Ikaingia. TV ikasoma, sabufa ikasoma.

Binti Kigamboni

Sabufa sikuiwaza hata kidogo. Hapo nimekuponza mimi. Picha imeonekana tofauti na ile ya megabiti 8?

KameraYaTabata

Kwenye TV yao, mimi mwenyewe sikuona tofauti, labda pale kwenye taa za ukumbi wakati wa kucheza. Aliyelalamika ni shangazi mmoja, na malalamiko yake ni kwamba ametokea mara mbili tu dakika 105 nzima. Hilo FAT32 haihusiki.

Ndugu wa Lindi wanne waliomba nakala, kila mmoja na flashi yake ya 8GB. Niliziangalia zote kabla ya kukopi. FAT32, FAT32, FAT32, na ya nne ndiyo ile feki aliyoisema Msela: imeandikwa 8, video imeingia yote kwa tabasamu, nikaijaribu kwenye TV, ikaganda mwali akiwa anakata keki.

Msela wa Kimara

Nilisema.